Kiroba cha Pumba

Hata kabla ya saa ya chai, wawezeshaji wa malezi waliokusanyika kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni pale Lipangalala walikuwa wameshaimba, wameshajitambulisha kwa jina la tunda wanalolipenda, na wameshachezeshwa kichangamshi cha kuruka kama vyura. Semina haiwi semina mpaka watu wazima wenye wajukuu waruke kama vyura. Sasa walikuwa kwenye kazi za vikundi. Stumai, mratibu wa mradi, alisimama mbele ya bango kitita na maka peni yake nyekundu.

"Leo sitaki vya kwenye kitabu," alisema. "Kila kundi liniletee kisa cha kweli, cha kijijini kwenu, mkiigize. Badilisheni majina tu. Mgeni rasmi akifika tutamwonyesha kile kitakachofana, na hao watakaofana niwahakikishie, awamu mpya hawaachwi."

Hilo la awamu mpya ndilo lililomnyanyua Balbina kitini. Kule Mkula alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba, masika na buti, kiangazi na ndala, akiwafundisha wazazi namna ya kumrudi mtoto bila kumvunja. Kazi aliiweza, na aliipenda. Lakini walikuwa wameambiwa watu watapunguzwa: asiye na cheti cha mafunzo haya arudishe fulana na begi. Mumewe Hilary alikuwa fundi wa pawatila, yale matrekta madogo ya kulimia, kazi inayokwenda na msimu na kulala na msimu, na kila kitu kilikuwa kinapanda, kuanzia nauli hadi sabuni.

Akaigiza. Mwanamke wa kisa chake alimwita Mama Neema, na Mkula akaiita kijiji fulani. Majina aliyabadilisha kama alivyoambiwa. Alijifunga kanga kiunoni, akaeleza jinsi mume anavyorudi kutoka shambani na hasira zake, jinsi alivyompiga mtoto wa kike makofi mpaka sikio la kushoto likafa. Akageuza kichwa, akatega sikio la kulia, kuonyesha jinsi mtoto yule anavyosikiliza watu siku hizi. Ukumbi ukanyamaza. Mtu akishaonja ukimya wa namna ile hutaka uendelee, na Balbina naye ni mtu.

"Lakini nitaondoka, dada," alisema kwa sauti ya yule mwanamke, chini kwa chini. "Nguo zangu na sare ya mwanangu nimeshaficha ndani ya kiroba cha pumba, nyuma ya jiko. Mwanaume gani atapekua pumba? Atakaporudi na mavuno, atakuta nyumba tupu."

"Makofi ya kilo!" alipiga kelele Stumai, na ukumbi ukalipuka. Mama mmoja alikuwa anajifuta macho. Stumai alikuwa amerekodi mwanzo mwisho, na makofi hayajaisha video ikawa imeshaingia kwenye grupu.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Alikaa safu ya nyuma, mwanamke mnene wa pale pale mjini aliyejitambulisha asubuhi kuwa ni Rosemery na kwamba tunda lake ni fenesi. Alikuwa anamtazama Balbina bila kupepesa.

Wakati wa chai Balbina alikwenda nyuma kunawa mikono. Ng'ambo ya tangi la maji akasikia sauti ya Rosemery, anaongea na simu.

"Kaka Alfonsi, sogea penye mtandao, nakutumia kitu. Uangalie mwenyewe. Nakwambia ni mkeo! Sikio la mwanao Omega, kila kitu. Kaangalie kiroba cha pumba, nyuma ya jiko."

Balbina alilisahau bomba wazi, maji yakamlowesha miguu. Alfonsi ndiye mume wa Yunis. Yunis ndiye yule mwanamke. Kwa wiki nzima Yunis alikuwa akisubiri mjomba wake wa Sanje apate nafasi ya kumpokea, na siri ile aliitoa kwa mtu mmoja tu duniani, akiwa anapepeta mchele, sauti yake ikifichwa na mlio wa ungo.

"Dada Rosemery," Balbina alisema akilizunguka tangi, "Alfonsi ni nani wako?"

"Tumbo moja." Rosemery aliangalia fulana ya Balbina, iliyoandikwa Mzazi Rafiki, sawasawa na yake. "Ninyi ndio mnaovunja nyumba za watu. Mnaingia kwa ndugu zetu mnajidai kufundisha malezi, kumbe mnawafundisha wake zao kutoroka."

"Atamuumiza, dada. Unamjua."

"Ni mke wake," alisema Rosemery, akaenda kuchukua maandazi.

Yunis hakuwa na simu. Simu ya nyumba ile ilikaa mfukoni mwa Alfonsi. Balbina akampigia Hilary: haipatikani. Bila shaka alikuwa bondeni, chini ya pawatila ya mtu. Alfonsi alikuwa kibandani shambani, ng'ambo ya mto, akivuna. Kutoka kule lazima avuke kwa mtumbwi, kisha atafute pikipiki. Ingemchukua muda, lakini haikuwa Ulaya.

Akamwendea Bwana Telesphory, ofisa ustawi wa jamii, aliyekaa mbele kabisa na shati lake la kitenge.

"Shikamoo, baba." Akamweleza yote kwa kunong'ona, kosa lake likiwamo.

Telesphory alisikiliza vizuri, na hilo ndilo lililouma zaidi baadaye. Alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Marahaba. Mama, hili ni jambo zito. Njoo ofisini Jumatatu tulifungue rasmi."

"Leo ni Ijumaa, baba. Anakwenda leo."

"Sasa nifanyeje? Gari limekwenda kumpokea mgeni rasmi. Niende kwa miguu?"

Stumai naye alikuwa mkali kidogo, maana mgeni alikuwa amechelewa na wali ulikuwa unapoa. "Balbina, usiniharibie. Mgeni ameshatumiwa video, anataka kukuona wewe. Ukitoka kabla ya kufunga, cheti hakuna, na mimi sitakuwa na la kukutetea."

"Somo la kutunza siri za familia tunasoma saa ngapi?" Balbina aliuliza. Lilikuwa limeandikwa kwenye ratiba ukutani.

"Nimelifuta ili hotuba ipate nafasi. Mtalisoma wenyewe nyumbani."

Na hapo, lazima isemwe, Balbina alirudi akakaa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki na kalamu mkononi, akijiambia kwamba mtumbwi huenda hakuna, kwamba Alfonsi huenda hajaiona video, kwamba mgeni anaweza kufika sasa hivi. Aliogopa kwa ajili ya Yunis na aliogopa kwa ajili ya unga wa nyumbani kwake, na hofu ya pili ilimkalisha. Wakaimba tena. Wakala wali. Mgeni akawa yuko njiani, kisha yuko njiani bado.

Ndipo Rosemery, ambaye baada ya chai alikuwa amehamia safu ya mbele, alipogeuka, akaisoma simu yake, akasema na jirani yake kwa sauti iliyokusudiwa kufika nyuma: "Ameshavuka. Amepata na pikipiki."

Balbina alichukua begi akatoka. Stumai alimwita kwa kipaza sauti, jina na ubini. Hakugeuka.

Barabarani hakusubiri basi. Alisimamisha lori la mchele linalokwenda Kidatu, akapanda mbele. Dereva alijaribu kumsemesha habari za bei ya mafuta, akakata tamaa. Njia nzima Balbina alikodolea macho kila pikipiki waliyoipita, akitafuta mgongo wa Alfonsi.

Alipofika Mkula, jua lilikuwa linaelekea kwenye milima. Yunis alikuwa uani, anapepeta. Alitabasamu.

"Mwalimu! Semina imeisha mapema? Karibu, kaa."

"Yunis, chukua mtoto muondoke. Sasa hivi. Alfonsi anajua."

Ungo ulisimama hewani. "Anajua nini?"

"Vyote. Na kiroba." Balbina alishindwa kumtazama. "Ni mimi. Walitaka kisa cha kweli. Nilibadilisha jina, nikadhani inatosha. Wifi yako alikuwa amekaa mle ndani."

Yunis aliuweka ungo chini taratibu. Hakupiga kelele, hakutukana. Balbina angeshukuru kama angetukanwa.

"Nilikwambia wewe peke yako," alisema.

Kisha akageukia migomba. "Omega! Omega, njoo!"

Mtoto alikuwa kule mbali, amechuchumaa, anapika udongo kwenye kifuu. Sikio lake la kushoto ndilo lililoelekea nyumbani. Yunis akaita tena, akakimbia kumfuata. Balbina aliingia jikoni, akaona kiroba nyuma ya jiko, kimefungwa kwa kamba ya katani. Akakivuta mpaka mlangoni. Alikuwa ameanza kulifungua fundo aliposikia pikipiki inapunguza mwendo barabarani, inakata kona, inakuja.

Hakufikiri. Angefikiri, angekimbia. Aliinyoosha sketi yake, akakaa juu ya kiroba.

Alfonsi alishuka akiwa na matope hadi magotini. Hakuwa na fimbo. Alikuwa na simu.

"Kumbe mwalimu uko huku," alisema. "Hebu sikiliza." Akabonyeza, na sauti ya Balbina mwenyewe ikatoka kwenye simu ile, chini kwa chini: *mwanaume gani atapekua pumba?* "Unaigiza vizuri."

"Ni mchezo tu, shemeji. Mambo ya semina."

"Basi kama ni mchezo, nyanyuka hapo."

Balbina alijikita zaidi juu ya kiroba. "Nimechoka, shemeji. Nimetoka mbali."

"Nyanyuka juu ya kiroba changu."

"Changu!" Balbina alipandisha sauti, akaipandisha makusudi, ivuke ua, ifike kwa jirani, ifike kwa wanawake wanaotwanga ng'ambo ya njia. "Hizi pumba nilimwomba Yunis, za kuku wangu! Nimekuja kuchukua pumba zangu! Unataka kunipiga kwa ajili ya pumba, shemeji?"

Mitwangio ikanyamaza. Kichwa kimoja kikatokeza juu ya ua, kisha kingine. Hakuna aliyeingia uani. Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu. Lakini walisimama wakatazama, na Alfonsi akawaona. Mkono aliokuwa ameshaunyoosha akaurudisha, akajikuna shingo. Kisha akavuta kigoda, akakaa hatua mbili tu kutoka alipokaa Balbina, akaegemea nguzo ya jiko.

"Haya," alisema polepole. "Mimi nimefika kwangu, sina haraka. Hao wana vyungu jikoni, watarudi ndani. Na wewe una mume na watoto. Utanyanyuka tu, mwalimu."

Ilikuwa kweli, na Balbina alilijua hilo kuliko yeye. Chini yake, kupitia pumba, alihisi kitu kigumu kidogo, soli ya kiatu cha shule. Aliomba kimoyomoyo Yunis asirudi, aingie migombani na mwanawe ashike njia ya Sanje hivyo hivyo, bila nguo. Kisha akamwona anakuja, amemshika Omega mkono, kwa sababu hakuwa na nauli wala kanga ya pili, na vyote vilikuwa humo ndani ya kiroba.

Simu ililia ndani ya begi. Balbina aliitoa ili tu mikono ipate kazi. Lilikuwa grupu. Mgeni rasmi amefika. Picha za watu wameshika vyeti, Bwana Telesphory katikati, Rosemery pembeni anacheka. Chini yake Stumai ameandika: *Mheshimiwa amefurahishwa mno na igizo! Ameagiza video ioneshwe kwenye kata zote. Hongereni wataalamu wa malezi!*

Aliirudisha simu ndani. Juu ya ua, kichwa kimoja kilikuwa kimeshaondoka.

Omega alisimama mbele yake, akamtazama baba, akamtazama mama, kisha akageuza kichwa na kutega sikio zima, kama kawaida yake.

"Shikamoo, mwalimu. Mbona umekalia pumba?"

"Marahaba, mwanangu," alisema Balbina. Akasogea kidogo bila kunyanyuka, akaipigapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja. "Njoo. Kaa hapa na wewe."