Joto Lililotumwa Ng'ambo

Fundi bati alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, na kati yao palikuwa na nusu ya dunia na ubishi usiokwisha kuhusu hali ya hewa. Watu wengine wakipigiana simu huulizana afya. Wao walianza na mbingu.

"Huko leo kukoje?" mzee huuliza, akijifuta jasho kwa fulana.

"Baba, nimetoka kazini masharubu yameganda."

"Masharubu gani? Vinyweleo vitatu hivyo?"

Mrefu, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita yule kijana, alikuwa akiosha mabasi usiku katika mji ambao jua lake lilikuwa pambo tu: linatoka, linang'aa, halimpashi mtu. Mchana alilala katika chumba kimoja chini ya nyumba ya watu. Katika mji wa baba yake jua lilikaanga mabati tangu asubuhi, na nyumba zilijengwa kwa nia moja, kulikimbia: matundu juu ya kila ukuta, upenyo chini ya kila mlango, madirisha ya wavu yasiyofungwa mwaka mzima. Watu walipika ndani kwa mkaa tangu enzi na enzi, na kila kilichotoka kwenye mkaa kilijiendea zake. Hakuna aliyewahi kukaa akawaza kilienda wapi.

Basi msimu mmoja wa baridi hita ya chumbani kwa Mrefu ikafa, na mwenye nyumba akawa mtu wa kesho na keshokutwa. Kijana akaanza kulala na koti, kofia na viatu. Sauti yake kwenye simu ikawa inatetemeka. Mzee akashindwa kula. Aliumia kulowa jasho huku mwanawe anaganda.

"Mimi ni nani?" akamwuliza mkewe, akijipiga kifua. "Si fundi wa majiko? Mwanangu afe kwa baridi, na baba yake nipo?"

Mkewe akakunja uso. "Kule wana vyombo vyao vya joto. Mwambie ahame."

"Vyombo vyao si ndivyo vimekufa?"

Hapo alikuwa ameshakata shauri, na mzee yule akikata shauri hata ng'ombe wa kumvuta hamtampata. Akatengeneza jiko dogo kuliko yote aliyowahi kutengeneza, lenye miguu ya kukunja, likaingia kwenye begi la shemeji yake aliyekuwa anasafiri kwenda huko. Udongo wa ndani aliufinyanga upya mara mbili, ili mkaa ukae na moto kutwa nzima bila kuchochewa. Maelekezo akayatoa kwa simu, kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake.

"Washia nje mpaka moshi uishe. Ukiona mkaa ni mwekundu mtupu, ingiza ndani. Kisha ziba kila tundu, mwanangu. Kila tundu."

Mrefu akanunua mkaa wa kuchomea nyama dukani, akabandika dirisha lake kwa utepe wa gundi pande zote, akasokomeza taulo chini ya mlango. Siku ya kwanza alipiga simu akicheka.

"Baba, nimevua soksi!"

Mzee nusura alie kwa furaha. Habari ya soksi ikazunguka mtaa, kila anayeipokea akiitia chumvi, mpaka ikawa kijana analala kifua wazi.

Siku zilizofuata kicheko kikapungua. Mrefu akasema akiamka kichwa kinamgonga. Baadaye akasema chakula hakikai tumboni.

"Mwili unazoea raha," mzee akamjibu. "Usideke."

"Labda, baba," kijana akasema, na maneno yalimtoka polepole.

Kisha mvua ikaja kwa baba, mvua ya upepo, ya kupiga ubavuni. Mzee akashusha maturubai pande zote za banda lake la kazi. Ndani alikuwa akijaribu jiko jipya, mkaa mwekundu safi, hakuna hata uzi wa moshi. Akaendelea kugonga bati. Nyundo ikawa nzito. Akaukosa msumari, akaukosa tena, akajicheka. Kichwa kikaanza kumgonga kwenye paji la uso. Akataka kukaa, halafu akataka kulala, na usingizi ule ulikuwa mtamu kupita kiasi.

Mkewe akafunua turubai. "We baba! Umejifungia na mkaa? Toka! Toka hapo!"

Akamkamata kola, akamburuta hadi mvuani. Mzee akatapika, akapumua, akapumua tena. Na hapo, bila kuambiwa na mtu, akaelewa. Kichwa kile kile. Tumbo lile lile. Yeye alizibwa na turubai lililochanika; mwanawe alizibwa kwa gundi, kwa amri yake mwenyewe. Mvua ilikuwa inamwagika juu yake, na bado kijasho chembamba kikamtoka.

"Nipe simu," akasema. "Nimemuua mtoto."

Saa hizo Mrefu huwa amelala. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika. Akapiga tena, ikapokelewa.

"Baba." Sauti ilikuwa laini mno. "Huku leo kuna joto. Kama kwetu."

"Amka! Fungua dirisha!"

"Nimelibandika... nitafungua baadaye. Miguu haitaki."

"Vunja kioo! Tupa chochote! Ukilala nakulaani, unasikia? Nakulaani!"

Hakuwahi kumtamkia neno hilo, hata enzi za utundu wake. Mkewe akajiziba mdomo kwa viganja.

Kitu kikaburutwa sakafuni. Kimya. Mzee akaikandamiza simu sikioni mpaka sikio likauma. Akaanza kuita, si jina la mtaani sasa, ni "mwanangu, mwanangu" tu. Ndipo kioo kikapasuka, kikamwagika, na upepo ukaingia ukivuma moja kwa moja kwenye simu. Kijana akakohoa kwa muda mrefu.

"Baba," akasema, meno yakigongana. "Baridi inaingia."

"Iache iingie," mzee akasema, akilia mbele ya mkewe bila haya. "Iache ikushike, mwanangu. Tambaa uende mlangoni. Mimi nipo, nasikiliza."