Mamajusi wa Mstari wa Pili

Alikuwapo mzee Magige, kwenye kigoda, alikuwapo mzee Chacha, juu ya gunia la pamba, alikuwapo mama Wankyo, aliyekataa kiti akajikalia chini kwenye ngozi, alikuwapo Hyasinta mlangoni na mtoto wake wa siku tisa, na alikuwapo yeye, Felisian Masatu, baba wa Hyasinta, mwalimu mstaafu, amesimama, kwa sababu akiketi atakuwa amewapokea na bado hajaamua kuwapokea, watu hawa wa ukoo wa Makongoro, watatu, ilhali leo hii asubuhi kanisani, baada ya somo la mamajusi, amewakumbusha waumini tena kwamba Mathayo hakuandika watatu wala hakuandika majina, hayo mnayowapa watoto kwenye maigizo mmeyaokota, na jina haliokotwi, jina lina mwenyewe... “Tumepotea sana, mwalimu,” Magige anasema, “zamani tulikuwaga tunajua mji wa mtu kwa miti yake, sasa kijiji chenu nyumba zimesimama kama gwaride, tumeuliza mlango kwa mlango,” mlango kwa mlango! basi mstari wa kwanza wa nyumba wote umesikia, yuko wapi mtoto wa Hyasinta, na walioulizwa ni walewale waliomcheka Hyasinta pale Magesa, mtoto wa Makongoro, karani wa kiwanda cha pamba Bunda, alipoikana mimba, na Felisian hakwenda Bunda, hakutuma mshenga, hakuandika barua ingawa barua yake ingemtoa mtu jasho, balozi wa nyumba kumi amekuja mara mbili na daftari lake, mtoto anaitwa nani, mwalimu, naye akamjibu, subiri... Chacha ametoa mfuko wa wimbi, wa uji wa mzazi, Wankyo ametoa kibuyu cha samli, “lete huyo nimuone, kumbe ana masikio ya kwetu, haya hayakanwi,” na Hyasinta amecheka, siku ngapi hajacheka, ila Magige mikono mitupu. “Mimi nimebeba jina,” anasema. “Makongoro anasema mjukuu wake aitwe Makongoro.” Jina la mtu aliye hai! huko ziwani alikozaliwa Felisian halitolewi, na kwao Bunda halitolewi, unampa mtoto jina la marehemu wa ukoo, siyo la mzee anayetembea, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua, kwa hiyo wametembea saa tatu juani kuja kumcheka binti yake... “Mnamtania nani, mzee Magige?” “Hatutanii, mwalimu,” na uji aliopewa Chacha umepoa, hajaugusa, Chacha huyu ambaye hajawahi kuacha kibuyu kikiwa na kitu, na Makongoro ni mtu mkali, mkaidi, lakini mzaha hakuujua kamwe, na anayekuja kukucheka haulizi njia kila mlango mchana kweupe, anayeuliza hivyo anatangaza, mjukuu wake, kasema mjukuu wake, mstari wa kwanza umesikia, na kifua kinamjaa, hakuomba, wamekuja wenyewe, kwa miguu, na papo hapo anaona kwamba kutoomba kwake, alikokulinda miezi yote hii, ni kitu kidogo kando ya mzee aliyemvua mwanawe uongo mbele ya kijiji kizima, angependa kumwambia hivyo, ana kwa ana, kesho asubuhi angeweza kufika Bunda... “Basi nielezeni,” anasema, bado amesimama, sauti si ya darasani, “jina hili analitoaje?”

“Makongoro amekufa leo alfajiri,” anasema Wankyo.