Protini ya Mzee Jairus

Haya niliambiwa na Nanjala, jirani yake Alice, Jumatatu iliyopita tukichambua maharagwe. Nanjala haongezi chumvi. Hutia pilipili tu.

Kanisa lao kule karibu na Ekero lilifunga siku tatu, kufunga kavu, hata maji marufuku. Siku ya tatu, kwa hekima yao wenyewe, wazee wa kanisa wakaalika watu wa kliniki waje kupima damu bure chini ya turubai. Jairus, mume wa Alice, alikuwa wa kwanza kwenye foleni, midomo imepasuka kama shamba la Januari. Karatasi ikatoka: jumla ya protini tisini na moja, na kando yake mshale ukiangalia juu. Kawaida haipiti themanini na tatu. Daktari akamwambia arudi kliniki baada ya wiki mbili apimwe tena. Hilo Jairus hakulisikia. Alisikia protini.

"Hiyo ni ugonjwa ya matajiri," akawatangazia waliokuwa nyuma yake, kifua mbele. "Nyinyi na mrenda yenu mtaipata wapi?"

Alice alijiuliza ni nyama gani hiyo, maana kwao kuku huchinjwa kwa nadra. Lakini nani atabishana na mwanamume mwenye karatasi mkononi?

Ignatius, mdogo wake Jairus, alipoisoma alitikisa kichwa kama daktari wa miaka thelathini. "Ndugu yangu, ingokho ndiyo inakumaliza. Na sumu yote ya ingokho iko kwa imondo. Niachie mimi huo mzigo."

Ingokho ni kuku, imondo ni firigisi yake, na kwetu firigisi hupewa mwenye boma. Anayeila ndiye anayesema. Jairus, ambaye hajawahi kuogopa fahali wala chifu, akaogopa firigisi. Jumapili hiyo akaisukuma kwa mdogo wake. Kufikia Jumatano Ignatius alikuwa amekalia kiti chake, ameamua miwa ipi ikatwe kwanza, na ametuma neno kwa mzee Lusweti wa Matete, aliyekuwa akimtafutia mwanawe mke: aje na watu wake Jumamosi ya wiki itakayofuata, Mitchel aolewe Desemba.

Mitchel, binti ya Alice na Jairus, alikuwa amebakisha mwaka mmoja chuo cha ualimu.

"Atamalizia kwa bwana," Ignatius akasema.

Jairus akaendelea kula mboga yake ya mrenda.

Ijumaa, siku moja kabla ya wageni, Alice akamkokota mumewe mpaka kliniki kama mbuzi wa mnada. Daktari yuleyule, msichana aitwaye Chemutai, akamuuliza, "Mzee, siku ile tulikupima, ulikuwa umekunywa maji lini?"

"Siku tatu sikugusa hata tone," Jairus akajibu kwa fahari.

Chemutai akaweka kalamu chini. "Basi damu ilikuwa imekauka maji tu. Uji ukiusahau motoni unakuwa mzito, na hakuna mtu ameongeza unga. Hii haitoki kwa kuku. Lakini ingekataa kushuka, tungetafuta sababu: maambukizi ya muda mrefu, ini, hata uboho wa mifupa. Ndiyo maana nilisema urudi."

Majibu yakatoka: sabini na nne.

Njiani Jairus alitembea kama bwana harusi. "Umeona? Kuacha imondo kumeniponya."

"Baba Mitchel, wewe umesikia yule daktari akisema nini?"

"Nimesikia. Sabini na nne. Wacha Ignatius aendelee kuumia kwa niaba yangu."

Alice akaongeza mwendo. Kuna watu ukiwapa maji wanaogea, ukiwapa ukweli wanauliza kama umetiwa sukari.

Jumamosi akapika kuku mwenyewe. Akaitoa firigisi kwenye sufuria, akaipuliza, akaila akiwa amesimama, polepole, na chumvi kidogo.

Sebuleni, mbele ya wageni, Ignatius alifunua bakuli, akakoroga mchuzi mara mbili. "Shemeji, imondo iko wapi?"

"Imeliwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Mmoja wenu anaiogopa, mwingine anaila kwa uongo. Ningeiachia nani?"

Mwanamke kula imondo, tena wakwe wakiwa mezani! Jairus akashika kichwa. Mzee Lusweti alitazama huku, akatazama kule, kisha akacheka mpaka tai yake ikazama kwenye mchuzi.

"Basi leo ninaongea na nani juu ya huyu msichana?"

"Na aliyeila," Alice akasema. "Mitchel anamaliza chuo. Mwaka kesho, kama bado mtamtaka, na yeye kama bado atamtaka kijana wenu, karibuni."

"Lakini mimi nilishasema Desemba!" Ignatius akafoka.

"Wewe ulisema kwa imondo ya kukopa," Lusweti akamwambia, akipangusa tai. "Mama, tutangoja. Mwalimu hakimbizwi."

Wageni wakaondoka jua likiwa bado juu ya miwa. Ignatius akaenda kwake bila kuaga. Jairus alijilaza mapema, uso ukutani, akinung'unika kwamba sasa protini imehamia kwa mke wake, mpaka kukoroma kukamkata maneno. Alice akaosha vyombo, akafungia kuku, akanawa miguu. Alipoweka kichwa kwenye mto, hakukumbuka hata kugeuka. Usingizi ulikuwa umeshamchukua.