Aliyebeba Ulimi wa Mabruki

Watu wa Gongoni, mtaa wa Tabora mjini, walikuwa wakisema kwamba Mabruki fundi bati hakuoa mke, alioa mdomo. Walisema kwa mzaha, na Maua mwenyewe alicheka nao, maana mzaha huo ulikuwa na ukweli ndani yake na yeye aliuonea fahari. Mabruki alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Neno likimshika, lilimshika hasa: taya zilikaza, macho yakafumba, mshipa wa shingo ukatutumka, na aliyesimama mbele yake asijue aangalie wapi. Maua hakuweza kuvumilia kuona hivyo. Kabla neno halijamtesa mumewe, yeye alikuwa amekwisha kulisema. Mteja akiuliza ndoo itakuwa tayari lini, Maua alijibu. Jirani akija kutoa pole, Maua alishukuru. Hata Mabruki akiulizwa kama chai imekolea sukari, aliyejua ni Maua.

Kabla ya kuolewa, Maua alikuwa mtunzi katika kikundi cha lelemama, ile ngoma ya wanawake wa mjini. Alisimama katikati ya wenzake akatoa nyimbo papo kwa papo, za mapenzi na za kuwachoma mahasimu, na wanawake wa vikundi vingine walimwogopa kama pilipili. Alipoolewa aliacha. Hakuna aliyemkataza. Siku zake zilijaa tu maneno ya mtu mwingine, na jioni ilipofika alikuwa hoi.

Mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, vijana wa mtaa waliamua kuonyesha mchezo siku ya Sabasaba. Kiongozi wao alikuwa Selemani, muuza vitambaa, kijana mwenye maneno mengi na haya kidogo. Mchezo ulihusu wapagazi wa zamani, wale waliobeba pembe za ndovu za matajiri kutoka Ujiji, wakapitia hapa Tabora, mpaka Bagamoyo, wakilipwa vitambaa na njaa. Nusu ya watu wa Gongoni walikuwa wajukuu wa wapagazi hao, nusu nyingine wajukuu wa matajiri, na wote wangekaa mkeka mmoja kutazama.

Selemani alipiga hodi kwenye karakana ya Mabruki asubuhi moja. Maua alikuwa kizingitini, kama kawaida.

"Shemeji, mchezo wetu ni mzuri lakini hauchekeshi," alisema. "Nikawaza, tuweke mpagazi mwenye kigugumizi. Tajiri anamwuliza jambo, yeye anakwama, tajiri anapandwa na hasira. Watu watavunjika mbavu! Na sisi tunaye wa kweli hapa hapa. Wala hana haja ya mazoezi. Apande tu, afungue kinywa."

Mabruki aliweka nyundo chini. Alivuta pumzi, na neno la kwanza likamshika. Maua alimwona mgeni anavyobabaika, akaona shingo ya mumewe inavyotutumka, akafanya alivyozoea.

"Hana neno, shemeji. Atakuja. Si mchezo tu?"

Mabruki alimtazama mkewe kwa kitambo, kisha akaokota nyundo yake.

Kwa kuwa alikuwa fundi, walimwomba atengeneze na pembe. Alikata madebe, akayakunja, akayalehemu, akapaka chokaa iliyochanganywa na manjano kidogo, na hatimaye ikasimama pembe ya bati iliyowafanya wazee wasogee karibu waiguse. Alihangaika nayo siku nyingi mlango umefungwa. Maua akiwa uani alisikia kugonga tu. Nyuma ya kugonga, kama angetega sikio, angesikia na kitu kingine, lakini Maua hakuwa mtu wa kutega sikio. Alikuwa mtu wa kusema.

Siku ya Sabasaba uwanja ulifurika. Selemani alicheza tajiri, amevaa joho la kuazima na bakora mkononi. Mabruki alitokea nyuma ya turubai, kifua wazi, shuka kiunoni, miguu imepakwa majivu kama vumbi la njiani, pembe begani. Walipomwona, watu waliomjua wakaanza kuziba midomo. Maua alikaa mbele na wanawake wenzake, midomo yake imejaa maneno ya kumsaidia.

"Wewe!" alifoka tajiri. "Mbona unachechemea? Sema!"

"Nachechemea kwa sababu pembe hii ni nzito, bwana," alijibu Mabruki. "Na ndovu aliyekuwa nayo alikuwa na miguu minne."

Alisema yote kwa mkupuo, bila kukwama popote. Uwanja ulilipuka kwa kicheko, na kicheko chenyewe hakikuwa kile alichokitaka Selemani. Tajiri wa watu alisahau maneno yake. Mabruki akaendelea. Alizungumza na njia, akazungumza na magoti yake, akaiuliza pembe kama nayo inakumbuka nyumbani. Mwishoni aliitua chini, akakaa juu yake, akafuta jasho.

"Mimi nimebeba pembe ya tajiri," alisema. "Nyumbani nimemwacha mke, naye amebeba ulimi wangu. Mimi hufika kambini nikapumzika. Yeye hana kambi. Nikifika nitamtua."

Watu walipiga makofi hadi vumbi likatimka. Maua hakupiga. Alijiona kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Njiani kurudi, mama yake, Mwanajuma, akamalizia.

"Kumbe mwanamume huyu maneno anayo," alisema. "Alikuwa anakunyima wewe tu, mwanangu."

Maneno hayo yalimwingia Maua hadi kwenye mifupa. Alimngoja mumewe ukumbini, na alipoingia tu, akiwa bado ana majivu miguuni, alimvaa.

"Haya, sema. Sema kama ulivyosema pale."

Mabruki alifungua kinywa. Taya zikakaza.

"Unaigiza!" alipiga kelele Maua. "Kule maneno yanamwagika kama maji ya bomba, kwangu unajikunja shingo! Miaka yote hii nahangaika kukusemea, kumbe nimekuwa punda wako. Tena ukaona haitoshi, ukanitangaza kwa mji mzima! Basi leo nautua mwenyewe huo ulimi wako. Ujisemee."

Maua akisema jambo, amesema. Tangu siku hiyo hakumsemea mumewe hata neno moja. Alikaa kizingitini vile vile, ungo mapajani, akipepeta mchele, na wateja walipomgeukia yeye alitazama barabarani. Alitaka Mabruki aumbuke. Tusimpambe: alitaka hasa aumbuke, mpaka akiri kwamba alikuwa akimlaghai.

Mteja wa kwanza kuingia katika vita hiyo alikuwa Veneranda, mama mkulima wa Kipalapala, aliyefuata ndoo yake ya kumwagilia bustani. Aliigeuza huku na huku.

"Fundi, ndoo hii haitavuja kweli?"

Hapo zamani Maua angeruka na kiapo. Sasa alifyata ulimi. Mabruki alikwama, akakwama sana, na Veneranda, ambaye hakuwa na haraka ya kwenda popote, aliweka mzigo wake chini akasubiri.

"I-i-ikivuja, mama," alisema Mabruki hatimaye, "uta... utakuwa umemwagilia na njia."

Veneranda alicheka hadi akashika ukuta. Maua aliinamisha uso kwenye ungo. Hakuwa amejua kwamba mumewe ana mzaha. Amelala naye, amekula naye, amemsemea mbele ya mji mzima, na hakujua. Alitaka kukasirika zaidi, lakini hasira ilikuwa imeanza kuchanganyika na kitu kingine, kitu kama woga.

Wiki zilipita. Siku moja mchana Selemani akarudi, anatabasamu kuanzia mlangoni.

"Fundi, mambo yamenoga! Mchezo unatakiwa Ziba, kwenye sherehe ya kijiji kipya cha ujamaa. Lori limepatikana. Lakini kule, tafadhali, usiniharibie tena. Kule hawakujui. Safari hii ukwame kisawasawa, watu wacheke. Wala si kazi kwako, ndivyo ulivyo." Kisha akamgeukia Maua, kama walivyozoea watu wote. "Shemeji, atakuja, au siyo?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wa Maua. Hana neno, atakuja. Lilimwasha. Kilichomzuia hakikuwa busara, kilikuwa kununa tu. Akapepeta mchele, chwa, chwa, chwa, akamwacha Selemani na tabasamu lake linaloganda.

Mabruki alisimama. Aliweka mkono juu ya pembe ya bati iliyokuwa imeegemezwa ukutani. Mshipa wa shingo ulitutumka, macho yakafumba, na karakana yote ikabaki na mlio wa ungo peke yake.

"Si-si-sitaki," alisema. Akapumua. "Sitaki ku-kuchekwa kigugumizi. Ziba nitakuja. Lakini mpagazi ata... atasema anavyotaka yeye." Akanyamaza, ikaonekana amemaliza, lakini hakuwa amemaliza. "Na ile mara ya kwanza pia si-sikutaka."

Ungo ulisimama.

"Mbona sasa ulikubali?" Selemani aliuliza.

Mabruki hakujibu. Alitazama sakafu. Maua alikuwa ameishi na kigugumizi kile miaka mingi, na alijua kwamba kunyamaza huku hakukuwa kigugumizi. Mumewe alikuwa na jibu, na alikuwa amelifungia ndani ili lisimguse mkewe.

"Nilikubali mimi," alisema Maua. Sauti yake ilimtoka ndogo. "Yeye hakuulizwa. Nenda, Selemani. Amekujibu."

Selemani aliwatazama wote wawili, akakuna kichwa, akasema basi, mpagazi na aseme apendavyo, mradi lori lisiondoke tupu. Akaenda zake.

Maua aliweka ungo chini. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu asijue mikono yake aiweke wapi. Alikuwa amemtuma mumewe kwa mkono wake mwenyewe akachekwe mbele ya mji mzima, na mumewe alikuwa amekwenda, amejitengenezea pembe, akaigeuza fedheha ile kuwa kitu ambacho watu walikipigia makofi. Na yeye alimlipa kwa kumnunia.

"Kwa nini kule hukukwama?" aliuliza, safari hii bila ukali.

Mabruki alifikiri. "Kule si mi-mimi. Ni mpagazi. Maneno ni ya-yake. Nikigonga bati nilikuwa namsikia anavyosema."

"Na kwangu?"

"Kwako ni mi... ni mi..." Maua aliliona neno linavyokuja, akalijua, akauma pindo la kanga yake ili asimsemee. "...ni mimi."

Nje mtu alipita na baiskeli inayolia mnyororo. Maua alihesabu moyoni nyumba walizotembelea, wageni waliowapokea, maswali yote aliyoyajibu kwa niaba yake huku akijiona mke mwema kuliko wote mjini.

"Nimekusemea mangapi ambayo siyo?"

Mabruki akaanza kutabasamu, akajaribu kujizuia, akashindwa. "Chai," alisema. "Ha-haina sukari. Ta-ta-tangu tuoane."

Maua alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayafuta kwa kanga ile ile. Mabruki alitoka nyuma ya meza yake ya kazi. Alikuwa na jambo jingine, lilionekana usoni. Lilimshika vibaya kuliko yote ya siku ile. Maua alisubiri, na katika kusubiri, mazoea ni mabaya, alikwisha kulimaliza kichwani: atasema nimsamehe. Au atasema nisimsemee tena. Au, Mungu akipenda, atasema niendelee kumsemea, maana amechoka.

"Na we-we-wewe, Maua," alisema Mabruki. "Wewe mwe-mwenyewe. Unataka kusema nini?"

Hilo Maua hakulitarajia. Alifungua kinywa kujibu, kwa sababu hakuwahi kuulizwa swali akakosa jibu. Hakuna kilichotoka. Alimeza mate, akajaribu tena. Maneno ya watu wote yalikuwepo, yamejipanga tayari, salamu na pole na visingizio, lakini alipotafuta la kwake alikuta mahali pake patupu, au pamefungwa, hakujua. Mtunzi wa lelemama, aliyewahi kunyamazisha vikundi vizima, alisimama kinywa wazi mbele ya mumewe, taya zimekaza, macho yamefumba.

Mabruki alipajua mahali pale alipokwama mkewe. Hakumsaidia. Alivuta kigoda, akakaa mbele yake, akamngoja.