Mhuri wa Kutoka

Mjuaji alipiga honi mara tatu chini ya dirisha letu, Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi, na mpaka leo nikisikia honi ya namna ile natamani kurusha kitu.

"Shuka, twende ng'ambo tukanywe chai," alisema nilipochungulia. "Saa nne tumefika, saa nane tumerudi. Mpaka wenyewe si huo hapo?"

Mjuaji nilisoma naye darasa moja la maabara. Wazazi wake wanatoka kwetu, ila yeye alizaliwa huku ugenini. Ana pasipoti ya huku na gari la mama yake, kwa hiyo kwake kila kitu ni hapo tu. Mimi wiki nzima nilikuwa nimeinamia hadubini nikitafuta mayai ya minyoo kwenye vinyesi vya watu nisiowajua. Miaka miwili katika nchi ya watu na sikuwa nimeona zaidi ya chuo, soko na kituo cha basi. Nikamwambia naja.

Sisi wanne tuliotoka nyumbani tulipanga nyumba moja, na pasipoti zetu zilikaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati la Dada Mkubwa. Ulikuwa utaratibu wetu tangu mmoja wetu alipoifua yake ikiwa ndani ya mfuko wa suruali. Zote zilivaa majalada ya bluu ya aina moja, zawadi ya umoja wa wanafunzi. Yangu ilikuwa juu siku zote, kwa sababu benki walikuwa hawaishi kuniita. Nilipanda kiti, nikachukua ya juu, nikashuka ngazi mbio huku kiatu kimoja hakijafungwa. Sikuifungua. Jana yake Dada Mkubwa alikuwa ameipeleka yake uhamiaji kuombea kibali kipya, na aliporudi aliiweka juu ya yangu.

Dada Mkubwa si wa tumbo moja nami. Tulimwita hivyo kwa sababu alitutangulia miaka mitatu, ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege na ndiye aliyetufundisha kuwasha jiko la huku bila kuunguza nyusi. Alisomea ukunga. Alikuwa amebakiza akina mama sita tu wa kuzalisha ili kitabu chake cha mazoezi kijae, apewe cheti. Uhamiaji walikuwa wamempa barua: asubiri kibali akiwa ndani ya nchi, na akitoka hata kwa saa moja maombi yamekufa, arudi kwao aanze upya. Barua ile alitusomea mezani mara mbili, kwa sauti, kama anayetusomea wosia.

Mpakani Mjuaji hakushuka hata garini. Alichukua pasipoti zote mbili akazipenyeza dirishani. Ndani alikuwa afisa kijana, simu ameibana kati ya sikio na bega, anamcheka mtu. Akafungua, akagonga mhuri. Akafungua nyingine, akagonga. Hakuinua macho. Mjuaji akazitupa kwenye kisanduku cha mbele, na upande wa pili walitupungia mkono tupite.

Huko ng'ambo tulikunywa chai iliyokuwa sawa na chai ya huku, tukapiga picha chini ya kibao cha barabarani, tukaingia duka la viatu tukatoka mikono mitupu. Nilifurahi, nakiri. Hilo nalo linaniudhi.

Saa nane mchana tulirudi. Safari hii dirishani alikuwepo afisa mwingine, mtu mzima mwenye miwani. Ya Mjuaji aliirudisha mara moja. Ya pili akaiingiza kwenye kompyuta, akasoma, akasoma tena.

"Dada, wewe umetoka ukiwa na maombi ya kibali," akasema. "Yamefutika. Huwezi kuingia."

"Mimi kibali changu kina mwaka mzima."

Akanigeuzia skrini. Nikaona jina la Dada Mkubwa na picha yake, uso mpana, mwanya, kovu la tetekuwanga juu ya nyusi. Mimi nina uso mwembamba na sina mwanya.

Mjuaji akaninong'oneza kwa lugha ya kwetu, upesi upesi, "Tulia. Kubali ndiyo wewe. Watakurudisha ng'ambo, mimi nakimbia kukuletea yako, unapitia mpaka mwingine. Kwani asubuhi waliona tofauti?"

"Na Dada Mkubwa?"

"Yeye yuko ndani ya nchi, nani atamtoa?"

Nilimtazama nikaona ni kweli hajui. Mtu ambaye hajawahi kupanga foleni ya kibali maisha yake yote ananipa ushauri wa vibali. Kwenye kompyuta ile Dada Mkubwa alikuwa ameshatoka nchini, wakati mwenyewe yuko wodi ya wazazi amevaa glovu. Nikinyamaza, miaka yake mitano inakwenda na maji. Nikisema, mimi ndiye niliyevuka mpaka kwa pasipoti ya mtu.

"Hiyo pasipoti si yangu," nikamwambia afisa. "Nimeichukua kwa makosa. Mwenzenu aligonga mhuri bila kunitazama."

Hapo ndipo afisa alinitazama. Akavua miwani, akaifuta, akaita mkuu wa zamu.

Mkuu wa zamu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole, na upole wake ulinichosha kuliko kelele. Aliniketisha ofisini kwake, kwenye kiti cha plastiki chini ya feni, akamwagiza Mjuaji amlete mwenye pasipoti, na pasipoti yangu pia. Mjuaji akaondoka. Nilikaa zaidi ya saa tatu nikisikiliza feni ile ikilialia. Afisa kijana wa asubuhi aliingia mara moja kuchukua karatasi, akajitia hanioni. Sikushangaa, hata asubuhi hakuniona.

Dada Mkubwa alifika na sare yake ya wodini, viatu vyeupe vina tone la damu. Alinitazama kama anayesoma kipimo kibaya.

"Mama niliyekuwa namzalisha alikuwa amefungua njia sentimita nane," akasema. "Nimemwachia mwenzangu. Ataandikwa kwenye kitabu chake, si changu."

"Dada, nisamehe."

"Kwanza nitoke hapa, ndipo nijue kama nakusamehe."

Mkuu wa zamu alitusimamisha bega kwa bega, akaishika picha, akatazama huku na huku. Kipofu angetutofautisha. Akakohoa, akatoa karatasi mbili.

"Kosa limeonekana," akasema. "Mhuri wa kutoka nitaufuta leo hii. Lakini lazima faili lieleze ilikuwaje. Wewe andika kwamba uliichukua pasipoti ya mwenzako kwa kusudi, bila ruhusa, ukajifunika kofia na miwani ya jua ili afisa asikutambue."

"Sikuwa na kofia."

"Andika kofia, mwanangu."

"Sikujifunika chochote. Yeye alikuwa anaongea na simu."

"Yule kijana ana onyo moja tayari. La pili anamwaga unga, na mimi niliyekuwa zamu naye vilevile." Alisema hivyo kwa upole uleule. "Kama hutaki, sawa, tutafungua uchunguzi. Ni miezi mitatu, minne. Mpaka uishe, mwenzako anahesabika ametoka. Ukisaini, nakala ya maelezo yako itafika chuoni kwenu Jumatatu. Huko wana kamati yao ya nidhamu, watakuelewa."

Hasira zilinipanda mpaka nikasikia masikio yanapwita. Mtu mmoja ameshindwa kuinua macho, kazi yake yote ni kuinua macho, na mimi ndiye wa kuandika kwamba nilijificha. Nilitaka kuipasua ile karatasi. Nikamgeukia Dada Mkubwa, nikitegemea aseme neno, yeye ambaye hukemea hata madaktari.

Mbele yake palikuwa na karatasi ya pili: kwamba pasipoti yake iliibwa chumbani na mtu aliyemwamini. Alisaini kabla sijamaliza kusoma mstari wa kwanza wa yangu. Kisha akanisogezea kalamu.

Nikaandika kofia. Nikaandika na miwani. Nikasaini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa. Mkuu wa zamu akagonga mhuri wa kufuta, akaupuliza ukauke, akatutakia safari njema.

Nje, Mjuaji alikuwa ndani ya gari, redio inaimba. Dada Mkubwa alinishika mkono kabla hatujamfikia.

"Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningesaini."

"Basi usininunie."

"Nitakununia. Umeandika mimi mwizi, Dada. Mimi ningeweza kunyamaza pale dirishani, na wewe sasa hivi ungekuwa unafunga mizigo."

Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini alikuwa ameikumbatia pasipoti yake kwa mikono yote miwili.

"Njoo na mimi Jumatatu," nikasema. "Waambie chuoni ukweli. Sema kopo ni letu sote, sema hukuibiwa. Watakusikiliza wewe."

"Nikiwaambia hivyo wataandika uhamiaji, na uhamiaji watasema nimedanganya mpakani." Akafuta uso kwa mkono wa sare. "Ngoja kwanza nipate kibali. Nikishakipata tu, nakwenda mwenyewe kwa miguu yangu nawaambia yote. Naapa."

"Na kibali kinachukua muda gani?"

Aliangalia gari, akaangalia viatu vyake.

"Wiki nane," akasema.

Mjuaji akashusha kioo akatuuliza tunasubiri nini.