Mmonaki Haombi Chumvi

Mezani kwa wamonaki kuna sheria moja ambayo mtu wa nje akielezwa hucheka kwanza. Huombi chumvi. Supu inaweza kuwa chapwa kama maji ya mvua, nawe utainywa hivyo hivyo, macho kwenye bakuli, mpaka ndugu aliyekaa kando yako aone mwenyewe kwamba huna chumvi, akusogezee. Kazi yako si kuangalia sahani yako, ni kuangalia ya jirani. Na jirani akiwa mzembe? Basi kunywa supu chapwa, umtolee Mungu.

Fundi aliishika sheria hiyo ujanani, kwenye karakana ya viatu ya monasteri, na hakuiacha hata alipoiacha kanzu. Alitoka nywele zake zikiwa bado nyeusi, kwa ruhusa ya abate, mkuu wa monasteri, na machozi ya wote wawili. Akafungua kibanda cha kushona viatu mjini, akaoa mshona nguo. Mkewe alimpenda, ila jambo hilo lilimtia wazimu. Mwanamume anaumwa jino wiki nzima, anatabasamu tu. Anataka chai, anakaa kuutazama ukuta akingoja kuonekana. "Wewe utakufa na kiu umeegemea mtungi," mkewe alikuwa akimwambia, na akizidi kuchoka humkumbusha kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini alijifunza kumtazama, maskini, na miaka yote ya ndoa yao chai ilifika. Kisha akatangulia yeye, na nyumba ikabaki haina wa kumwangalia Fundi.

Alibaki Kengele. Huyu ndiye aliyepiga kengele ya alfajiri kule monasterini, jina likamganda. Alitoka miaka mingi baadaye, wakati monasteri ilipobakiwa na wazee wachache wakaambiwa wahamie kwingine, naye akasema hana nguvu za kuzoea kwaya ya wageni. Hakuoa. Alipanga chumba mtaa wa pili kutoka kwa Fundi, akawa mlinzi wa shule mpaka alipostaafu.

Kila Jumamosi asubuhi wawili hawa walikwenda hospitali. Kengele alichukua mkasi na wembe, awakate kucha na kuwanyoa wagonjwa wasio na ndugu. Fundi alibeba sindano na gundi, awashonee viatu wanaoruhusiwa kurudi nyumbani, maana si haki mtu apone halafu atoke peku kama aliyefukuzwa. Manesi waliwaita mababu wa Jumamosi. Hawakuhubiri. Kengele alisema mtu aliyelala kitandani muda mrefu, ukimkata kucha vizuri, mahubiri mengine ataongeza mwenyewe.

Mchana walikula kwa Fundi. Kwanza zaburi, huyu mstari, yule mstari, kama zamani. Kisha chakula, na hakuna aliyeomba kitu. Mmoja akisogeza chumvi, mwenzake anasogeza mkate. Ukiwachungulia dirishani ungedhani wanacheza drafti.

Sasa kulikuwa na mambo mawili ambayo Fundi hakumwambia mtu. La kwanza ni macho. Utando ulikuwa umeanza kuyafunika. Zaburi alizisema kwa moyo huku akifungua kurasa kwa heshima tu, na kidole gumba cha kushoto kilijaa matundu ya sindano. La pili ndilo lililomtia aibu: alikuwa anaogopa. Yeye aliyefundishwa kwamba upweke ni chumba cha kukutana na Mungu, aliiogopa nyumba yake mwenyewe jua likianza kuzama. Alisali, na sala ikawa kavu mdomoni. Alitaka Kengele ahamie kwake, kwenye kile chumba ambacho mkewe alikuwa akishonea. Akakipaka chokaa, akaweka godoro jipya, na kila Jumamosi akauacha mlango wazi ili jirani aone.

Kengele aliuona mlango. Akaufunga, kwa sababu vumbi lilikuwa linaingia.

Halafu Jumamosi moja, katikati ya supu, Kengele akasema kwa sauti ya kawaida kwamba mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, amemwandalia chumba huko anakoishi, safari ndefu ya basi, na anataka ahamie kabla mwezi haujaisha. Alisema hivyo, akalishikilia bakuli lake kwa mikono miwili bila kunywa.

Fundi akachovya mkate kwenye supu. "Vema sana, Bruda," akajibu. "Damu nzito kuliko maji."

Kengele akakubali kwamba ni nzito kweli. Wakaendelea kula. Huo ndio upumbavu wa watu wema, na sina jina jingine la kuupa.

Jumamosi ya kuagana ikafika. Hospitalini Kengele aliwapa manesi mkono mmoja mmoja. Fundi alimshonea mama mmoja kandambili zake, akakosea akaishona kamba ya kushoto kwenye soli ya kulia, na mama wa watu akashukuru akaondoka akichechemea. Kengele alimkimbilia mpaka langoni, akafumua, akashona upya, akarudi.

Nyumbani begi lake lilikuwa tayari karibu na mlango. Basi lilikuwa la alasiri. Walisema zaburi yao, na mstari wa Fundi ulikatika mara kwa mara kana kwamba ana mafua. Kisha wakakaa mezani, na Kengele, kama siku zote, akasogeza chumvi.

Fundi alikitazama kile kibakuli, kivuli cheupe mbele yake. Alimwomba Mungu ili Kengele aone. Mungu hakujibu, pengine naye alikuwa amechoka kuwasogezea watu chumvi. Akamkumbuka mkewe na mtungi wake. Akakisukuma kibakuli kikarudi kando ya kiwiko cha Kengele.

"Si chumvi, Bruda," alisema. "Nina shida nyingine. Nataka kuomba kitu, kwa ajili yangu mwenyewe."

Kengele akaweka kijiko chini. Alikuwa na haki ya kushtuka. Mmonaki hujiombea mara moja tu, siku anapopokelewa. Hulala kifudifudi sakafuni mbele ya ndugu wote, abate humuuliza anaomba nini, naye hujibu kwamba anaomba huruma ya Mungu na yao. Baada ya hapo haombi tena, ana majirani. Wawili hawa walipokelewa siku moja, pua zao kwenye sakafu ile ile ya baridi, na Kengele akapiga chafya katikati ya ibada.

Fundi alisukuma kiti, akashika ukingo wa meza, akaanza kushuka. Goti la kwanza likagoma.

"Usithubutu," Kengele akamwambia. "Ukilala hapo atakuinua nani? Omba ukiwa umekaa." Kisha sauti yake ikatulia, ikawa ile ya kwenye kwaya. "Unaomba nini?"

Jibu Fundi alilijua. Alianza kusema huruma ya Mungu, akakwama, kwa kuwa hiyo alikwisha kupewa, na nyingi. Alichokitaka sasa kilikuwa kidogo zaidi, na kigumu zaidi kukitaja.

"Usiende," alisema. "Macho yananiishia, na usiku naogopa. Kaa na mimi."

Kengele alikisukuma kijiko kando.

"Macho nayajua," Kengele akasema. "Au ulidhani sindano zako zinajitia uzi zenyewe?" Na kweli, Fundi alikuwa akizikuta sindano kwenye kopo lake tayari zina uzi, akajidanganya kwamba alizitia mwenyewe akasahau. "Lakini hiyo hofu, Bruda, nitaionaje? Haionekani kwenye sahani."

Kisha akakasirika, hasira ya kweli, mzee yule mpole. Alisema habari za mpwa alizileta pale mezani makusudi, ili aambiwe asiende. Alingoja na bakuli mkononi kama mwombaji, na badala yake akapewa methali. Alipofika kwenye neno methali akajifuta machozi kwa leso ile ile aliyoitumia kufungia wembe.

Fundi naye alikuwa akilia, tena bila kujificha, na ilimshangaza kuona kwamba haimuumizi.

"Basi na wewe omba," alimwambia. "Nakuuliza mimi sasa. Unaomba nini?"

Kwa Kengele ilikuwa kazi kubwa zaidi, maana hakuwahi kuoa, hakupata hata mtu wa kumgombeza. Alikohoa, akalitazama begi, akautazama mlango wa chumba cha chokaa, uliokuwa wazi kama kawaida.

"Naomba kile chumba," alisema mwishowe. "Mpwa nitampigia simu. Na naomba chumvi. Supu yako mbaya."

Chumvi ilikuwa kando ya kiwiko chake mwenyewe. Hakuigusa. Alingoja, na mkono wa Fundi ukaanza safari juu ya meza, ukipapasa, ukaangusha mkate, ukagonga bakuli, mpaka ukakipata kile kibakuli na kukisogeza kadiri ya upana wa kidole.

"Asante," Kengele akasema, akaanza kula.