Mnyororo wa Wanasemaje

Marehemu RraOteng alimpa mbwa wake jina la Wanasemaje, ili kila akimwita, majirani wachomwe kidogo. Sasa mzee yuko kaburini, na Wanasemaje amefungwa mnyororo kwenye mti wa miiba nyuma ya jiko, kutwa anachora mduara mchangani. MmaOteng, mjane wake, hufagia ua wote kila asubuhi, lakini akifika kwenye mduara ule hufagia akitazama kando.

Jumamosi moja akaingia Boitshepo, binti wa jirani, amevaa fulana ya chama cha kutetea wanyama.

"Bibi, nimetumwa," akasema hata hajakaa. "Kumfunga mbwa nje usiku na mchana ni ukatili. Gari letu likija Jumatatu likamkuta hivi, tutamchukua."

Nyumba ile ilibaki na pumzi mbili tu, ya MmaOteng na ya mbwa. Lakini hakutaka mtoto aione hofu yake.

"Ukatili! Mama yako alikufunga mgongoni miaka miwili. Mbona hukwenda kushtaki?"

"Nikilia alinifungua, bibi."

"Wewe ulilia hata ukifunguliwa. Mtaa mzima ulikonda. Haya, kitendawili."

"Tega."

"Nimefungwa bila mnyororo, nikivuka lango watu wanatazama mawingu."

Boitshepo akakuna kichwa. "Mbuzi mwenye mimba?"

"Nipe mji."

"Chukua Gaborone."

"Gaborone, na maji yenyewe hukatika? Haya, nimeuchukua. Jibu ni mimi." Akashika gauni lake jeusi la ujane. "Mjane akizurura kabla ya kuvuliwa nguo hizi, mvua ikichelewa atalaumiwa yeye. Na huyu, kabla sijamfunga, kila Jumamosi alitoka kumtafuta bwana wake kule malishoni kwetu, kwa barabara ya malori. Mbwa wa jirani zetu kina Kelapile si alikanyagwa pale pale? Nani atamkimbilia? Mimi na gauni hili?"

"Lakini wewe, bibi, siku ikifika ndugu watakuvua. Yeye atavuliwa na nani?"

MmaOteng akashika ufagio, akafagia akitazama kando.

Boitshepo akapiga magoti kando ya mbwa, akafungua ukanda wa shingo atazame manyoya yalivyolika. Wanasemaje hakungoja. Huyoo, langoni, nje.

"Umeniulia, mtoto wewe!"

MmaOteng akafika langoni, akasita. Akatazama juu. Hapakuwa na wingu hata la kusingiziwa. Akakunja gauni, akatoka.

Kumbe penye njia panda vumbi la mbwa halikukata kushoto, kwenye malori. Lilikata kulia, likapita nyumba tatu, likaingia uani kwa MmaGaone, muuza pombe ya mtama. Wanywaji walipoona gauni jeusi wakavua kofia, wakaficha makopo migongoni. Ukutani palikuwa na benchi, mwishoni mwake pakiwa na nafasi wazi ya mtu mmoja. Chini ya nafasi ile alilala Wanasemaje, kidevu juu ya miguu, mkia unafagia vumbi.

"MmaGaone," akauliza MmaOteng polepole, "mbwa huyu anapajua hapa?"

MmaGaone akauangalia mtungi wake kama ndio ulioulizwa. "Anapajua, dada. Alikuwa akija na... na mwenyewe."

"Jumamosi?"

"Jumamosi."

"Tangu lini?"

"Dada, hata mvi sikuwa nazo."

Miaka yote ile, kila Jumamosi, MmaOteng alimfungia mumewe chakula cha malishoni, ugali wa mtama na nyama ya kutwanga, na jioni mzee akirudi alilala chali, analalamika jinsi ng'ombe walivyomtaabisha.

"Na nyama yangu?"

Mzee mmoja akajibu kwa heshima zote, "Ilikuwa tamu sana, Mma. Tulikuwa tukikuombea."

MmaOteng akawatazama mmoja mmoja. Kicheko kikamwanzia tumboni, kikampanda, kikamshinda.

"Kumbe nilikosea wa kumfunga!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Boitshepo akaingia anahema, viatu mkononi. Yeye alikuwa amekata kushoto.

"Bibi! Nimkamate tumrudishe?"

"Mwache apumzike. Na mnyororo nenda kauchukue, mkafungie gari lenu."

"Akipotea je?"

"Apotee wapi? Ulidhani bwana wake alikuwa akirudishwa nyumbani na nani?"